Nyavu za vuli: jinsi ya kukamata na kuvisha pete ndege waimbaji wanaohama

Wanafunzi wapya huniuliza kwanza tutandaze nyavu ngapi. Nami huwarudishia swali: leo tuko wangapi wanaojua kumtoa ndege wavuni? Wakiwa wawili, nyavu tano au sita zinatosha, hata kama nyingine zimejaa stoo. Katika majira ya vuli, majani yanapoanza kupukutika kule kaskazini na ndege wadogo wanaposhuka kwa wingi kuelekea kusini, balaa huja na neema. Asubuhi moja kichaka kiko kimya, asubuhi inayofuata kila mfuko wa wavu una ndege, na kila ndege anahesabu dakika zake.

Aliyezoea kutega wakati wa kuzaliana atashtuka. Wakati ule unakamata wenyeji wa kichaka, wale wale kila wiki, unawajua hadi tabia. Vuli ni ya wapita njia. Wengi wao ni wa mwaka huu, wameanguliwa miezi michache tu iliyopita. Hawajawahi kuiona safari hii na wengi hawaongozwi na mzazi, wanafuata mwelekeo waliozaliwa nao. Wengi husafiri usiku: hupaa muda mfupi baada ya jua kuzama na kutua kunapokaribia kucha, wakiwa na njaa. Kinachowaleta kwenye wavu wako ni chakula. Phylloscopus trochilus, ndege wa gramu tisa au kumi hivi, anajaza mafuta ya kuvuka Sahara. Kule Amerika, Setophaga striata, ambaye kwa kawaida ana gramu 12 hivi, anakaribia kujizidisha uzito mara mbili, kisha anatoka kaskazini-mashariki mwa bara na kukata bahari ya Atlantiki kwa siku mbili au tatu bila kutua. Vifaa vidogo vya kufuatilia safari vilithibitisha hilo mwaka 2015. Kwa hiyo kila dakika unayomshika ni dakika ya kula uliyomnyang'anya, na karibu kila ninachoeleza hapa chini kinatokana na hesabu hiyo.

Kibali kwanza, na mwalimu

Usinunue wavu kabla ya kupata kibali. Karibu kila nchi yenye mpango wa kuvisha pete inakataza kukamata ndege wa porini bila ruhusa, na nyavu hizi huuzwa kwa wenye kibali tu katika nchi nyingi. Marekani wanaotoa vibali na pete ni Bird Banding Laboratory, Uingereza ni British Trust for Ornithology, na mipango ya Ulaya inaunganishwa na EURING. Pete za Kenya zimeandikwa jina la Makumbusho ya Nairobi. Popote ulipo, pete zina mwenyewe, na kila namba lazima ijulikane iko kwenye mguu wa nani.

Kazi hii haisomwi ikaeleweka. Mwongozo huu utakusaidia kuelewa anachokifanya mwalimu wako, lakini vidole vinafundishwa na vidole. Utashika mamia ya ndege mtu mzoefu akiwa ubavuni kabla hujaachiwa wavu peke yako, na ni haki iwe hivyo. Mwalimu asiyekukemea mtafute mwingine.

Mwanzilishi wa mtindo tunaoutumia alikuwa mwalimu wa shule, Hans Christian Cornelius Mortensen, wa Viborg nchini Denmark. Mwaka 1899 aliwavisha kwezi 165 pete za alumini zenye namba na anwani. Alikuwa amejaribu zinki kabla ya hapo na kuona ni nzito mno. Wazo lake halijabadilika sana: namba ya pekee, anwani ya kurudishia, na madini mepesi.

Mahali, na usiku wenyewe

Ndege anayehama hutua palipo na chakula na maficho: vichaka vyenye matunda, matete kando ya maji, mkanda wa miti uliozungukwa na mashamba matupu. Rasi na visiwa huwakusanya, maana wanaokutana na maji mapana wakati wa alfajiri hutua kwenye ncha ya mwisho ya nchi kavu. Ndiyo sababu vituo vikongwe viko sehemu kama kisiwa cha Helgoland huko Ujerumani, Falsterbo kusini mwa Sweden, au Long Point kwenye ziwa Erie, Kanada. Ila jihadhari na takwimu za pwani. Makinda wa mwaka huu hujaa huko kupita kiasi, kwa kuwa wakubwa wenye uzoefu mara nyingi hupita bara. Ukiona karibu wote ni wachanga, usikimbilie kusema kwamba mwaka umekuwa na uzazi mwema.

Utabiri wa hewa usome jioni, si asubuhi. Kaskazini mwa dunia, usiku wa neema ni ule unaofuata kupita kwa hewa ya baridi: anga imefunguka na upepo unavuma kutoka kaskazini, nao ndege wanauachia uwasukume. Wakikutana na mvua au ukungu njiani, hushuka wote kwa pamoja popote walipo. Mfano maarufu kuliko yote uko Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Hoteli iliyofunguliwa pale mwaka 1969 ina taa kali za kumulika wanyama. Mwezi Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu unapofunika kilima, ndege waliokuwa wakipita juu kutoka Ulaya na Asia huvutwa na mwanga huo na kushuka vichakani. Wavishaji pete wamekuwa wakienda huko tangu miaka hiyo, na mengi tunayoyajua kuhusu njia ya Acrocephalus palustris na Luscinia luscinia kupitia Afrika Mashariki yalitoka kwenye nyavu za kilima kile.

Kuna wanaoweka spika na kupiga mlio wa ndege usiku kucha ili kuwashusha. Unakamata wengi, ni kweli. Mimi sipendi. Ndege aliyeshushwa kwa spika hajaniambia chochote kuhusu mahali pale, na pengine angetua kwenye chakula bora umbali mfupi mbele. Ukitumia, hakikisha kibali chako kinaruhusu, na andika kwenye kumbukumbu kwamba ulitumia.

Kutandaza

Wavu wa kawaida ni wa nailoni au poliesta nyeusi, nyuzi nyembamba kiasi kwamba hauonekani mbele ya kivuli. Una urefu wa mita 12 hivi na kimo cha mita mbili na nusu, na umegawanywa na kamba za mlalo kuwa safu nne zenye mifuko. Wawindaji wa Japani walikuwa wakizitumia za hariri zamani sana kabla watafiti wa nchi za Magharibi hawajaziiga baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa ndege wadogo, chagua tundu la milimita 30 hivi likivutwa. Kwa wa ukubwa wa mkesha (ndege wa jenasi Turdus), 36 hadi 38. Tundu kubwa mno humruhusu mdogo kupenyeza bega na kujifunga, na kumtoa huyo ni kazi ya jasho.

Fyeka njia nyembamba, upana wa mtu mmoja na mikono yake. Wavu ukae kwenye kivuli, mimea nyuma yake iwe na kimo kama chake. Kaza kamba za mlalo ziwe imara, lakini wavu wenyewe uachwe legevu kati ya kamba na kamba, maana mfuko ndio unaomshika ndege. Ukiukaza kama wavu wa mpira wa wavu, atagonga na kurudi alikotoka. Safu ya chini isiguse nyasi: ndege mzito akiingia mfuko hushuka, naye akilala kwenye umande atalowa, na akilala chini mnyama yeyote atamfikia.

Sasa kuhusu majani. Mwongozo mwingi huruka jambo hili, na kwa mtegaji wa vuli ndilo linalokula muda kuliko ndege wenyewe. Upepo kidogo tu na wavu unajaa majani makavu. Jani lenye meno pembeni haliondoki kwa kutikiswa. Lishike kwa kikonyo, lipondeponde ndani ya kiganja mpaka liwe unga, kisha upulize. Ukilivuta zima, meno yake yanachukua nyuzi tano na kuacha tundu. Mbegu zenye miiba zing'oe moja moja kabla hujafunga wavu, vinginevyo kesho hautafunguka gizani. Na kadiri wiki zinavyokwenda, mti uliokupa kivuli unabaki mtupu. Wavu uliokuwa mzuri mwezi Septemba mwezi Oktoba unameta juani na kupigwa na upepo. Uhamishe kama unategea mafunzo tu. Kama kituo chako kinalinganisha mwaka na mwaka, acha nyavu pale pale, saa zile zile, na ukubali kukamata pungufu.

Fungua nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Weka saa yenye kengele. Mzunguko wa nyavu ni kila dakika 20 hadi 30, na mfupi zaidi ikiwa kuna baridi, joto au dalili ya mwewe. Mtu akisema "ngoja ninywe chai kwanza", wavu ufungwe kwanza ndipo chai inywewe.

Kumtoa wavuni

Ukifika, usiguse. Tazama. Aliingia upande upi? Mfuko unaning'inia ng'ambo, na mdomo wa mfuko umefunguka upande aliotokea. Simama huko. Funua mfuko utafute mahali ambapo kati ya kidole chako na manyoya yake hakuna uzi hata mmoja, mara nyingi tumboni karibu na mkia. Hapo ndipo mlango ulipo, na kila ndege anao mmoja. Anayeanza huvuta nyuzi kichwani kwa kuwa kichwa ndicho kinachoonekana kuteseka. Mwache. Kichwa kitakuwa cha mwisho.

Anza na miguu, ndiyo inayoushikilia wavu. Bana mapaja yote mawili, juu ya kifundo, kati ya kidole cha shahada na cha kati, uinyooshe miguu taratibu. Ikinyooka vidole hulegea. Sukuma nyuzi kuelekea kwenye kucha, puliza kidogo, zitateleza. Usimning'inize kamwe kwa mguu mmoja, wala usimshike chini ya kifundo, mfupa ule ni mwembamba kama kijiti cha meno. Miguu ikishakuwa huru, mwili unainuka kidogo kutoka mfukoni na kwa kawaida bawa moja linajifungua lenyewe. La pili, tafuta uzi ulipokaa kwenye kiwiko cha bawa, uuvushe juu ya bega. Halafu kichwa: telezesha nyuzi kutoka kisogoni kuelekea mdomoni, kama unavyomvua mtoto fulana.

Sasa yuko kiganjani. Mgongo wake ukae kwenye kiganja, shingo ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vingine vizunguke mwili kama kizimba. Usibane kifua: ndege hupumua kwa kupanua kidari, na kidari kikibanwa pumzi haina pa kuingilia. Wengi wanaokufa mikononi mwa wanaojifunza hufa kwa hilo, huku mshikaji akidhani anamshika vizuri asitoroke. Afadhali atoroke.

Kuna visa vigumu. Mikesha na jamaa zao wana vimiiba nyuma ya ulimi, uzi ukiingia hapo hautoki kwa kuvuta. Fungua mdomo kwa ukucha, inua uzi kwa ncha butu ya kijiti, uupitishe juu ya ncha ya ulimi. Wengine hujizungusha kwenye mfuko mpaka unakuwa kamba. Msokote kinyume kwanza kabla ya lolote. Ukiona dakika tatu zimepita na hujasonga mbele, mwite mwenzako. Hakuna aibu katika hilo, na mara nyingi jicho jipya huuona mlango papo hapo. Ikishindikana, kata uzi. Kila mmoja wetu hubeba kisu kidogo cha kufumulia mishono, na uzi mmoja hushonwa jioni.

Ndege wakiwa wengi, wafuate kwa utaratibu huu: walio karibu na ardhi, waliolowa au walio juani, halafu wadogo kabisa. Regulus regulus ana gramu tano au sita tu, hana akiba ya kungoja foleni. Kila mmoja aingie kwenye mfuko wake wa pamba, kamba ivutwe, mfuko utundikwe kivulini. Usiweke mfuko chini hata kwa sekunde moja. Watu hukanyaga.

Ukihesabu mifuko iliyotundikwa ukaona inazidi mnachoweza kumaliza ndani ya nusu saa, fungeni nyavu. Sio mpunguze mwendo, sio mharakishe, fungeni. Zikijaa tena kabla hamjazifunga, watoeni wengine na kuwaachia huru palepale penye wavu, bila pete. Hili ndilo gumu kwa vijana, maana siku ya wingi ndiyo waliyoingojea mwezi mzima. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa kumbukumbu za vituo vya Marekani na Kanada, na ukaonyesha kwamba kati ya ndege waliokamatwa, walioumia na waliokufa hawakufika hata asilimia moja. Takwimu hizo ni za watu wanaofunga nyavu kwa wakati.

Pete

Pima mguu kwanza ikiwa una shaka. Katika mfumo wa Uingereza, pete ya AA ina kipenyo cha ndani cha milimita 2.0 na inamfaa Phylloscopus. Ya A ni milimita 2.3 na inamfaa Sylvia borin. Nchi nyingine zina herufi na namba zao, tumia orodha ya mpango wako, usibahatishe. Ikibana itaumiza, ikilegea itashuka ivike vidole.

Pete huja zimepangwa kwenye uzi kwa mfululizo wa namba. Nyofoa ya mbele tu. Plaizi maalumu ina matundu ya ukubwa wa pete. Weka pete tunduni, uwazi wake ukitazama mdomo wa plaizi, ingiza mguu, funga taratibu mpaka ncha zikaribiane. Kisha igeuze robo mzunguko, uwazi ukae ubavuni, ubane tena hadi ncha zigusane bila kupishana. Inue kwenye mwanga: usione ufa, na usihisi ukingo ukipitisha ukucha. Isukume juu na chini kwa ncha ya plaizi, izungushe. Ikigoma, itolewe hapo hapo na mwenye uzoefu, kwa vitanzi viwili vya waya vinavyovutwa pande mbili. Pete iliyopishana ncha haipaswi kuondoka na ndege.

Mwenye ndege anasoma namba, mwandishi anairudia kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Baada ya vipimo vyote anaisoma tena kutoka mguuni, sio kutoka kwenye daftari. Inachosha, hasa saa nne asubuhi. Lakini ndege wadogo wanaopatikana tena mbali ni wachache sana, hawafiki mmoja kati ya mia, na namba iliyoandikwa vibaya inamfuta yule mmoja.

Umri, mafuta na uzito

Vuli ni msimu wa kuuliza umri. Katika hesabu ya EURING, 3 ni aliyeanguliwa mwaka huu, 4 ni aliyeanguliwa kabla ya mwaka huu. Ikifika Januari mosi kila mtu anapanda. Tanua bawa kwenye mwanga wa mchana, kivulini. Makinda wa jamii nyingi hubadilisha manyoya ya mwili mwishoni mwa kiangazi lakini hubakiza ya bawa waliyotoka nayo kiotani, na katika ile safu ya manyoya yanayofunika mizizi ya manyoya ya kurukia, hubadilisha ya ndani tu. Kwa hiyo tafuta mpaka: ya ndani ni marefu kidogo, yameiva rangi; ya nje ni mafupi, yamepauka, na kwa Erithacus rubecula ncha zake zina doa la manjano iliyofifia. Usiridhike na doa peke yake, wapo wakubwa wenye doa dogo. Mpaka ndio ushahidi. Angalia pia mkia: manyoya ya kiotani mara nyingi yana ncha kali na yamelika.

Phylloscopus trochilus anakuja na taratibu zake: mkubwa hubadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, jambo adimu sana, kwa hiyo mpaka huupati. Tazama tumbo. Kinda wa vuli ana manjano iliyoenea sawasawa kutoka koo hadi mkiani, mkubwa ana weupe tumboni. Na kumtenga na pacha wake Phylloscopus collybita, hesabu manyoya makuu ya bawa yaliyobonyea ukingoni: la sita kutoka nje likiwa limebonyea, ni collybita.

Kwa jamii zinazosumbua kuna fuvu. Lowesha kidogo manyoya ya kisogo, yatenganishe, sogeza ngozi nyembamba chini ya taa. Fuvu la mkubwa lina vidoti vyeupe kila mahali. La kinda lina dirisha la waridi lisilo na vidoti. Hapa tarehe ni muhimu. Walioanguliwa mapema huwa wamemaliza kufunga fuvu mwezi Oktoba, kwa hiyo dirisha likiwepo linathibitisha uchanga, likikosekana halithibitishi kitu.

Bawa pima kwa rula yenye kizuizi. Ulaya bawa hubanwa na kunyooshwa kwenye rula, Amerika ya Kaskazini huachwa na mpindo wake wa asili. Chagua mtindo wa mpango wako na usibadilishe, tofauti ni milimita kadhaa.

Mafuta ndiyo sehemu ninayoipenda. Mgeuze chali, puliza manyoya ya koo yatengane. Chini ya ngozi, pale mifupa ya kifua inapokutana, kuna kishimo. Kikiwa kitupu unaona nyama nyekundu iliyokoza. Akianza kujaza, unaona manjano chini kishimoni, kisha kinajaa, kisha kinafura, kisha mafuta yanalifunika tumbo na kupanda juu ya misuli ya kidari. Ulaya hutumia ngazi za 0 hadi 8. Mpime baadaye, kichwa chini ndani ya kikopo chembamba juu ya mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Ukimkamata yule yule siku tatu baadaye, uzito wa pili ukitoa wa kwanza unakwambia kama kichaka chako kinalisha au kinapokea wageni tu. Kwa maoni yangu, hilo ni jibu la maana kuliko jumla ya pete za msimu.

Mpangilio wa kazi mezani uwe huu: pete, jamii, umri, bawa, mafuta, uzito, nje. Ndege akianza kufumba macho, kuvimbisha manyoya au kuhema mdomo wazi, acha vipimo. Aliyekwisha kuvishwa pete aachiwe, na mstari wake ubaki nusu mtupu.

Kumwachia, na kufunga kazi

Fungua kiganja chini, karibu na kichaka, mbali na nyavu. Usimrushe. Akikaa kiganjani akitazama, mpe nafasi yake. Akibaki zaidi ya dakika moja mweke kwenye kisanduku chenye giza, mahali pakavu na pa joto, ujaribu tena baadaye.

Funga nyavu upepo ukianza kutunisha mifuko, na kabla ya mvua, sio inapoanza. Viringisha wavu kuanzia juu, ubane kwa vibanio vya nguo kila hatua mbili ili usijifungue usiku ukamnasa bundi au popo. Tembea mstari mzima kwa mara ya mwisho ukiupapasa kwa mkono, kwa sababu ndege mdogo ndani ya wavu uliokunjwa haonekani. Mifuko ifuliwe, hasa iliyochafuka. Ukiona ndege wagonjwa wenye macho yaliyovimba au kinyesi kimeganda, acha kutega hapo, toa taarifa kwa waliokupa kibali, na osha mikono.

Siku moja utatoa mfukoni ndege mwenye pete usiyoitambua. Usiivue. Iandike yote: jina la mji au taasisi, kila herufi, kila tarakimu, hata zilizofutika kiasi, na piga picha pande zote za pete. Mpime kama wengine, mwachie na pete yake, kisha peleka taarifa kwa mpango wako wa taifa, wao watawasiliana na wenye pete. Majibu huchukua wiki au miezi. Wakati huo huo linganisha uzi wa pete na daftari: namba inayofuata kwenye uzi lazima iwe ile inayofuata kwenye ukurasa. Zikitofautiana, hamlali mpaka ijulikane pete iliyopotea iko wapi.